Ndimu haiivishi samaki

Sikukuu ikikaribia, iwe Idi au Krismasi, swali ni lile lile: "Mtaalamu, kamba nikiwalaza kwenye ndimu usiku kucha ndiyo wanalainika na wadudu wanakufa, sivyo?" Sivyo. Hawalainiki, na wadudu wengi hawafi. Nimelijibu kwa upole kiasi cha kutosha, kwa hiyo leo nitalijibu kwa urefu.

Nyama ya kamba ikikutana na asidi, protini zake hubadilika umbo na kukazana. Ndiyo maana ndani ya robo saa hivi rangi hutoka kwenye ukijivu wa kupenyeza mwanga na kuwa nyeupe. Mtu akiona ule weupe husema "ameshaiva". Kilichobadilika ni rangi na ukakamavu. Joto bado halijamgusa. Protini zinazokazana hukamua maji, na ukiamka asubuhi ukakuta bakuli limejaa majimaji, ujue huo ndio utamu uliolipia sokoni. Kisha unampeleka motoni akamuliwe mara ya pili. Halafu mpishi analaumiwa. Wapishi wa Peru, ambao seviche ya samaki mbichi na ndimu ni fahari ya nchi yao, wengi huichanganya muda mfupi tu kabla ya kula, tena hawaipeleki motoni.

Hapo hudakia mwingine: na pweza je, si mgumu? Ugumu wa pweza ni kolajeni, na kolajeni hailegezwi na ndimu. Huyeyushwa na joto la taratibu. Mchemshe kwa moto mdogo hadi uma upite, dakika 45 na zaidi kwa pweza wa kilo moja na kitu, ndipo umkaushe na kumpitisha kwenye mkaa. Kuna wanaompaka papai bichi. Kimeng'enya cha papai kinafanya kazi kweli, na ndiyo shida yake: kwa nyama ya ng'ombe ni msaada, lakini kamba atalegea mpaka asishike kwenye kijiti.

Sasa usalama, ambao ndio hasa unaonikera. Shombo la samaki hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo bakteria huizalisha samaki anapoanza kuchakaa. Kemikali hiyo ni besi. Ukiimwagia asidi hugeuka chumvi isiyoruka hewani, na pua yako haipati kitu. Kwa hiyo ni kweli kwamba ndimu hukata shombo. Lakini kukata shombo si kuondoa uozo. Ni kuzima king'ora huku nyumba ikiendelea kuungua. Kwa samaki freshi hakuna ubaya wowote. Kwa samaki aliyeshinda mezani tangu alfajiri, umejinyima onyo pekee ulilokuwa nalo.

Siwezi kusema asidi haina lolote. Bakteria wa kipindupindu, kwa mfano, hawaipendi. Lakini ndimu hufanya kazi juu juu, na wapo wanaoistahimili, wakiwemo minyoo wa anisakisi walio ndani ya nyama ya baadhi ya samaki wa baharini. Hao dawa yao ni moto wa kutosha au ubaridi mkali wa friza.

Kisha ipo histamini. Jodari, vibua na nguru wakikaa kwenye joto, bakteria huigeuza histidini iliyo katika nyama yao kuwa histamini. Ikishazalika, ndimu haiiondoi, kuchoma hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Mlaji anaiva uso, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, ngozi inawasha, wakati mwingine kabla hajaondoka mezani. Kesho yake anatangaza ana aleji ya jodari. Huenda hana; huenda jodari wake alizungushwa mjini kwenye bodaboda nusu siku bila barafu. Kinachozuia histamini ni barafu kuanzia chomboni hadi jikoni kwako, na hakuna kiungo cha kuziba pengo hilo.

Ya kufanya ni haya, haraka haraka. Nenda sokoni na boksi la barafu, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na mafuta kidogo: saa moja au mbili kwenye friji, siyo juu ya kabati. Chumvi ndiyo itakayopenya. Vingine vinabaki juu hata ukilaza wiki, basi usijisumbue. Ndimu weka dakika 15 za mwisho kwa kamba, nusu saa kwa vipande vinene vya nguru, au kamulia mezani, ambapo ndipo inaponukia vizuri zaidi. Ukwaju wenye sukari upake mwishoni, la sivyo utaungua kabla ya samaki kuiva. Vijiti viloweke nusu saa. Subiri mkaa uvae majivu meupe, waya upate moto, uupake mafuta. Kamba dakika mbili tatu kila upande. Ngisi vivyo hivyo, moto mkali na upesi. Akipitiliza anakuwa mgumu. Changu mzima mchanje ubavuni, na umtoe nyama inapoachana na mfupa, au nyuzi 63 kama una kipimajoto. Samaki aliyeiva asirudi kwenye sahani iliyobeba mbichi, na asikae nje zaidi ya saa mbili. Kwa jua la Januari, saa moja.

Na yale majimaji ya viungo yaliyobaki bakulini, ambayo kila sikukuu namwona mtu akiyamwagia samaki aliyekwisha kuiva: yachemshe yatokote vizuri kwanza, au yamwage.