Doctor Who: mlalamikaji wa jana, kapita wa kesho

Ku Uingereza iko filimu moja ya televizyo yenye watu hawachoki kuibishania: Doctor Who. BBC iliianzisha mu Novemba 1963. Doctor ni mtu wa sayari ingine. Anasafiri mu anga na mu nyakati ndani ya sanduku la buluu. Mu 1966 mchezaji wa kwanza, William Hartnell, afya ilimupungukia. Basi wakatunga kwamba Doctor akiishiwa nguvu, anageuka sura. Ile dawa ya haraka ndiyo imeifanya filimu idumu.

Lakini mageuzi gani yanafaa? Hapo ndipo wapenzi wake wanagawanyika. Mu 1986 kijana wa miaka 16, Chris Chibnall, alionekana mu kipindi cha BBC akiwaambia waandishi wa filimu, wenyewe wakisikia, kwamba hawakuiandika vizuri.

Mu 2018 yeye mwenyewe akaongoza ile kazi, na Doctor akawa mwanamke, Jodie Whittaker. Mu 2020 akaonyesha kwamba Doctor alikuwa na maisha mengine mbele ya yale ya 1963. Bengine wakafurahi: fumbo limerudi. Bengine wakakasirika: msingi umechimbuliwa.

Sisi tunaona wote wako na haki ya kusema, juu filimu ni ya watazamaji pia. Paka, ndugu zetu wa migodini, ninyi munajua: kumulaumu kapita ni rahisi. Siku unapewa ekipe yake, ndipo unasikia uzito.