Vifaa vya umeme vya kupandikizwa mwilini: Je, ni tiba ya maumivu sugu ya kiuno?

MAUMIVU ya kiuno ni miongoni mwa matatizo ya kiafya yanayowasumbua watu wengi zaidi duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na tatizo hilo, na inakadiriwa kuwa watafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050.

Wengi hupata nafuu katika wiki chache. Wapo, hata hivyo, ambao maumivu huwaandama kwa zaidi ya miezi mitatu, hali ambayo madaktari huiita maumivu sugu. Mgonjwa aliyemeza dawa kwa miaka bila mafanikio huwa tayari kujaribu lolote. Kwa sababu hiyo, ni vyema kufahamu vifaa hivi vinafanya nini, na uwezo wake unaishia wapi.

Vifaa hivyo viko vya aina mbili kuu, na kila aina ina kazi yake.

Kupunguza taarifa za maumivu

Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, ambacho huweza kupunguza taarifa za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu akijigonga mguu hupata nafuu anapousugua. Kwa kufuata nadharia hiyo, mwaka 1967 daktari Norman Shealy wa Marekani alimpandikizia mgonjwa wa saratani kifaa cha kupeleka umeme kwenye uti wa mgongo.

Kifaa cha siku hizi kina betri inayowekwa chini ya ngozi na nyaya nyembamba zinazowekwa karibu na uti wa mgongo. Kwa kawaida mgonjwa hujaribishwa kwanza kwa nyaya za muda kwa siku kadhaa. Asipopata nafuu, huondolewa.

Kuamsha misuli iliyolegea

Aina ya pili hailengi kuzima maumivu, bali kurejesha nguvu ya misuli ya ndani inayoshikilia pingili za kiuno. Maumivu ya muda mrefu huifanya misuli hiyo ilegee, na pingili hukosa mhimili. Kifaa husisimua neva inayoiendesha ili ikaze na kulegea, kama katika mazoezi. Mgonjwa hulala na kukiwasha kwa rimoti, dakika 30 mara mbili kwa siku. Matokeo huchukua miezi kadhaa.

Kifaa cha aina hiyo kiitwacho ReActiv8 kiliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2020.

Utafiti unasemaje?

Hapa ndipo penye haja ya tahadhari. Katika utafiti wa ReActiv8 uliohusisha wagonjwa 204, baada ya siku 120 asilimia 57 ya waliopata umeme kamili walipata nafuu iliyokusudiwa. Lakini hata miongoni mwa waliopewa umeme hafifu usio wa tiba, asilimia 47 walipata nafuu hiyo. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kuwa kifaa ndicho kilichofanya kazi. Walioendelea nacho kwa miaka walieleza kupata nafuu zaidi, ila hapakuwa tena na kundi la kulinganisha.

Kwa upande wa vifaa vya uti wa mgongo, utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2022 ulihusisha wagonjwa 50 waliobaki na maumivu baada ya upasuaji wa mgongo. Kifaa kiliwashwa kwa vipindi na kuzimwa kwa vipindi bila wao kujua. Hakukuwa na tofauti ya maana.

Aidha, upasuaji wowote una hatari zake. Kidonda huweza kupata maambukizi, waya huweza kuhama mahali pake, na betri ikiisha nguvu upasuaji hurudiwa.

Maswali ya kumuuliza daktari

Mgonjwa anayeshauriwa kupandikizwa kifaa aulize: Ni cha aina gani? Nimekwisha kufanya mazoezi ya tiba ipasavyo? Nani atanihudumia kikiharibika, na kwa gharama gani? Je, nitaweza kupigwa kipimo cha MRI?

Aidha, anayeumwa kiuno na kupata ganzi sehemu za siri, miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo asisubiri kifaa wala dawa. Hiyo ni dharura, awahi hospitali siku hiyo hiyo.