Kimpira Cheusi Chini ya Sinki

Kahawa niliyokaribishwa Usa River ilikuwa tamu, lakini kilichonikaa kichwani ni kimpira cheusi, chembamba kama kalamu, kilichotokeza chini ya sinki na kuingia kwenye ndoo. Kilikuwa kikitiririsha maji maangavu kabisa. Ndoo ilipojaa mama mwenye nyumba aliinuka, akaweka nyingine, akarudi kwenye birika lake bila kukatiza maneno.

Wakazi wa Usa River na kwingine chini ya Mlima Meru hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu afunge mashine ya kuchuja maji jikoni. Floridi itokayo kwenye miamba ya volkano imewatia watu meno ya kahawia kizazi baada ya kizazi, na huko Maji ya Chai imepindisha hata miguu ya watoto. Kuchemsha hakusaidii: mvuke huondoka, floridi hubaki sufuriani. Wapo wanaoichuja kwa mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi. Mwenyeji wangu, ambaye hupikia wateja kahawa hapohapo nyumbani, alichagua mashine ya utando. Presha husukuma maji kwenye utando. Yanayopenya ni ya kunywa, yasiyopenya huondoka na floridi na chumvi kupitia kimpira kile.

“Fundi alikichomeka kwenye bomba la maji machafu, akachukua hela yake akaenda,” anasema. “Hakunionyesha. Nilikuja kukijua bili ilipokuja.”

Akakichomoa, akakitegea ndoo. Ndoo moja ya kunywa, ndoo tatu za kumwaga! Akadhani ameuziwa mbovu. Wala. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema mashine ya kawaida ya nyumbani humwaga lita tano au zaidi kwa kila lita moja ya kunywa, na zile fujaji hufika kumi. Nembo ya shirika hilo ya kubana matumizi, WaterSense, haipewi mashine inayomwaga zaidi ya lita 2.3.

Hapo ndipo ufundi wake ulipoanza. Mashine ilikuja na tangi dogo lenye hewa ndani. Tangi likikaribia kujaa, hewa ile hubanwa na kuyasukuma maji kurudi yalikotoka: ya kunywa yanapungua kasi, ya kumwaga yanaendelea vilevile. Kwa hiyo anayechota kikombe sasa, akarudi baadaye kuchota kingine, anaifanya mashine ijazilize siku nzima pale inapofuja zaidi. Haya hakuyasoma popote. Aliyaona kwa kuzitazama ndoo.

“Nikaling'oa tangi. Alfajiri watu hawajafungua mabomba, presha ni kubwa. Nafungua, najaza ya siku nzima kwenye ndoo ya mfuniko, nafunga. Basi. Sasa za kumwaga ni mbili, mbili na kidogo.”

Kwenye kahawa nako mkono wake ni wa kipimo. Maji huyapima kwa kikombe cha mgeni kabla ya kuyabandika, akaongeza kidogo kwa ajili ya mashapo, ambayo hunywa maji kama mara mbili ya uzito wa kahawa kavu. Hajazi birika kisha akamwaga yaliyobaki. Huchuja kwa kitambaa badala ya karatasi, ingawa mwenyewe ana wasiwasi: “Karatasi naitupa, kitambaa nakifua. Kipi kinakula maji zaidi?” Mashapo huenda kwenye mboji.

Kuna jambo moja linalomuudhi. Maji yaliyochujwa kwa utando hubaki matupu, na kahawa hupooza, kwa kuwa madini kama magnesi ndiyo yanayosaidia kuivuta ladha. Wataalamu wa kahawa hupendekeza takriban miligramu 150 za madini yaliyoyeyuka kwa lita. Madini hayo yamo kwenye ndoo ya kumwaga, pamoja na floridi aliyoikimbia. Anachofanya ni kusaga laini zaidi, na kuvumilia.

Na ndoo zenyewe? Maji ya kumwaga hupigia deki, hufulia, humwagia choo. Nikamuuliza kuhusu bustani. Alinyamaza kidogo.

“Nikimwagia mchicha, mwanangu, floridi si itanirudia kwenye sahani? Nikimwaga mtaroni, huko chini kuna mtu anachota. Sasa niipeleke wapi?”

Swali hilo ni la mamlaka za maji na wauzaji wa mashine hizi. Si haki kumwachia mama mwenye ndoo mbili. Wewe unayekwenda dukani, usiridhike na maelezo ya usafi wa maji peke yake. Uliza mashine humwaga lita ngapi kwa kila lita moja ya kunywa, kisha fundi asiondoke kabla hajakuonyesha kile kimpira kinakoishia.