Kituo cha Kuchajia Magari ya Umeme Kinaposubiriwa Mjini: Mambo ya Kujua na ya Kuuliza

Habari ya kujengwa kituo cha kuchajia magari na pikipiki za umeme, inapofika katika mji mdogo, hupokewa kwa namna mbili. Wako wanaoifurahia, kwa kuwa wanaona maendeleo yamewafikia nao. Wako pia wanaoipuuza, wakisema kwamba jambo hilo ni la wenye magari ya fahari waishio Dar es Salaam. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimemsahau mtu mmoja: kijana wa bodaboda anayesubiri abiria karibu na stendi, ambaye chakula cha nyumba yake hutegemea bei ya petroli ya siku hiyo. Katika miji kama Chalinze, Korogwe, Mikumi au Makambako, huyo huenda ndiye atakayeguswa kabla ya wengine. Katika makala hii tunaeleza kituo cha namna hiyo ni nini, umeme wake hutoka wapi, nani aweza kunufaika na nani aweza kuumia, ili waamini wawe na maswali yanayofaa mapema, mradi ungali kwenye karatasi.

Kituo hiki ni nini?

Kituo cha mafuta kina tangi chini ya ardhi. Kituo cha kuchajia kwa kawaida hakina akiba kubwa ya kuuza, bali hupitisha umeme wa gridi na kuuingiza katika betri ya chombo. Hapo pana jambo la kuelewa. Umeme unaofika majumbani mwetu hugeuza mwelekeo wake mara nyingi katika kila sekunde, lakini betri hupokea umeme wa mwelekeo mmoja tu. Lazima basi ubadilishwe kwanza. Katika kuchaji kwa polepole, kazi hiyo hufanywa na kifaa kidogo kilichomo ndani ya gari lenyewe. Katika kuchaji kwa haraka, hufanywa na mashine kubwa iliyopo kituoni, na ndiyo maana mashine hiyo ni ya gharama.

Tuchukue mfano wa gari dogo lenye betri ya uniti 40, uniti zilezile tunazonunua kwa luku. Likichajiwa kwa soketi ya nyumbani inayotoa kilowati 2.5, litachukua saa 16 kujaa. Likichajiwa kwa kifaa cha kilowati 7, litachukua saa 6 hivi. Kwa mashine ya kilowati 50, litafika asilimia 80 kwa muda usiozidi saa moja. Baada ya hapo mwendo wa kuchaji hupunguzwa ili betri isiharibike. Kwa sababu hiyo msafiri atakayesimama mjini hatasimama kwa dakika tano kama afanyavyo kwenye petroli. Atakaa, atakula, atanunua matunda, na pengine ataingia kanisani kusali. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama lishe wa stendi ana sababu ya kulifuatilia jambo hili.

Kwa pikipiki mambo ni mepesi zaidi. Betri yake mara nyingi ni ya uniti 2 au 3, na katika aina nyingi huweza kuchomolewa. Mjini Kigali na Nairobi wapo waendeshaji ambao hawasubiri kuchaji kabisa: huacha betri iliyokwisha, huchukua iliyojaa, na huondoka baada ya dakika chache. Kwa mji mdogo wenye magari machache ya umeme na bodaboda nyingi, chumba chenye rafu za betri za pikipiki chaweza kuwafaa watu wengi kuliko mashine moja kubwa ya magari. Hilo ni swali la kwanza la kuwauliza wenye mradi: kituo hiki kimekusudiwa kumhudumia nani?

Umeme wake unatoka wapi?

Kwa upande wa uzalishaji, nchi yetu imepiga hatua kubwa. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, yaani megawati 2,115 kwa jumla. Sehemu nyingine ya umeme wetu hutokana na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Hivyo si kweli kwamba chombo cha umeme hakichafui hewa hata kidogo, kwa kuwa gesi nayo huchomwa. Hata hivyo mota ya umeme hutumia vizuri sehemu kubwa ya nishati inayopewa, wakati injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa zaidi kama joto tupu. Nao wakazi wa kando ya barabara hupumzika na moshi na kelele. Tena usafiri wa umeme si mgeni kwetu tena: tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma.

Tatizo la mji mdogo mara nyingi haliko bwawani. Liko kwenye nyaya na transfoma. Mashine moja ya kilowati 50 inapofanya kazi ni sawa na kuwasha pasi 50 za wati 1,000 kwa wakati mmoja. Ikiwa itaunganishwa kwenye transfoma ileile inayohudumia mashine ya kusaga, pampu ya maji na jokofu la chanjo la zahanati, basi gari la msafiri mmoja laweza kuwapunguzia umeme wagonjwa wa kata nzima. Swali la pili ni hili: je, kituo kitakuwa na transfoma yake? Je, kitaongezewa umeme wa jua na betri za akiba? Mradi uliopangwa vizuri una jibu la maswali hayo, na jibu hilo halipaswi kuwa siri kwa wananchi.

Hesabu ya kijana wa bodaboda

Tufanye hesabu kwa mfano. Pikipiki ya petroli hutumia lita 2 hadi 2.5 kwa kilomita 100. Tukichukulia kwamba lita moja ni shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 6,000 hadi 7,500. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo hutumia uniti 4 hivi. Tukichukulia uniti moja kuwa shilingi 360, gharama ni shilingi 1,440. Hata kama kituo kitauza umeme kwa bei maradufu, itakuwa shilingi 2,880, chini ya nusu ya gharama ya petroli. Kwa mtu anayepaswa kupeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni, tofauti hiyo ni ada ya mtoto, ni dawa, ni unga.

Lakini faida hiyo haiendi yenyewe mfukoni mwa mwendeshaji. Katika mpango wa kubadilishana betri, mara nyingi kijana hununua pikipiki na betri hubaki kuwa mali ya kampuni. Bei ya pikipiki hupungua, nalo ni jambo jema. Lakini tangu siku hiyo hawezi kupata nishati mahali pengine. Kampuni ikipandisha bei, atalipa. Kituo kikifungwa, pikipiki yake itakuwa chuma kilichoegeshwa. Vijana wetu wanaijua vizuri mikataba ya pikipiki, na wako walionyang'anywa chombo wakiwa wamebakiza malipo ya wiki chache. Kwa hiyo tunawasihi: mkataba usomwe wote, kwa Kiswahili, mbele ya mtu anayeelewa, kabla ya kutia sahihi. Tena yafaa kuuliza kama betri ya kampuni moja yaweza kutumika katika pikipiki ya kampuni nyingine.

Wako pia watakaopungukiwa. Muuza petroli wa chupa na fundi anayeishi kwa kubadilisha oili na plagi watapoteza wateja kidogo kidogo. Haki hudai nao wafikiriwe, si kwa kuzuia mradi, bali kwa kuwafungulia njia ya kujifunza kazi mpya.

Betri, mwanzo wake na mwisho wake

Betri haioti shambani. Baadhi ya aina zake hutumia kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi, ambako ndugu zetu, wakiwamo watoto, wamechimba kwa mikono katika hatari kubwa. Aina nyingine hazina kobalti. Nchini kwetu yako madini ya kinywe huko Mahenge na nikeli huko Kabanga, Ngara, yote yenye matumizi katika betri. Hivyo suala la betri ni pia suala la wakulima wanaoombwa kupisha migodi na la fidia wanayostahili.

Betri inapochoka, haifai kutupwa jalalani wala kufunguliwa na mtoto wa gereji kwa bisibisi. Ikitobolewa au kuharibika yaweza kushika moto mkali ambao ni mgumu kuuzima. Isichajiwe katika chumba cha kulala wala mlangoni pa kutokea. Swali la tatu kwa wenye mradi ni nani atakayezikusanya betri zilizochoka, na atazipeleka wapi.

Mafundisho ya Kanisa

Katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba nishati zinazochafua sana hazina budi kuachwa hatua kwa hatua na bila kuchelewa. Katika waraka huohuo alitaka usafiri wa umma upewe kipaumbele kuliko wingi wa magari yanayobeba mtu mmoja au wawili. Akafundisha pia kwamba, mradi unapopangwa, wenyeji wa mahali wawe na nafasi ya pekee katika mazungumzo. Vatikano yenyewe haikubaki katika maneno: tarehe 21 Juni 2024 Baba Mtakatifu aliagiza kujengwa kwa mitambo ya umeme wa jua huko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, kwa ajili ya mahitaji ya Vatikano, na Desemba mwaka huohuo akapokea gari lake la kwanza la umeme la kuwasalimia waamini.

Kwa mwanga huo, kituo kizuri ni kile kinachomfikiria abiria wa daladala na bajaji kama kinavyomfikiria mwenye gari lake.

Wakati tunasubiri

Yako mambo yanayoweza kufanyika sasa. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, waamini wahudhurie na kuuliza maswali matatu tuliyoyataja: nani atahudumiwa, transfoma ni ipi, na betri zitaishia wapi. Vijana wa bodaboda wajiunge katika kikundi au SACCOS, kwa kuwa kikundi husikilizwa katika mapatano ya bei kuliko mtu mmoja mmoja. Wazazi wenye watoto waliomaliza shule wawahimize kusomea ufundi wa umeme, kwani kituo kitahitaji mafundi wa karibu. Jumuiya Ndogo Ndogo zenye wanasheria au walimu ziwaombe wajitolee jioni moja kuwasomea vijana mikataba hiyo.

Huenda kituo kikachelewa, kama miradi mingi inavyochelewa. Muda huo tuutumie vema, ili fundi umeme siku ya uzinduzi awe mtoto wa mjini hapo, na mwendeshaji wa kwanza kuchukua betri awe anaujua mkataba wake mstari kwa mstari.