Je, Wajua? Bomu la Angani na Tochi ya Dodoma

Swali la leo: bomu la nyuklia likilipuka juu kabisa ya anga ya Tanzania ya kati, tochi yako itawaka? Jibu fupi ni ndiyo, karibu kwa hakika. Mambo mengine ni haya.

1. Je, wajua kwamba bomu la nyuklia laweza kuzima mji bila kuvunja hata kioo cha dirisha? Likilipuka mamia ya kilomita juu, ambako hewa karibu haipo, joto na kishindo chake havifiki chini. Kinachofika ni mpigo wa sumakuumeme.

2. Mpigo huo hutengenezwa na hewa yetu wenyewe. Miale ya gama inayoshuka kutoka kwenye bomu hugonga hewa kwenye kimo cha kilomita 20 hadi 40 na kung'oa elektroni. Sumaku ya dunia huzipinda elektroni hizo, nazo zikipinda hutoa wimbi kali la jamii ya mawimbi ya redio. Wimbi hilo hufika kileleni ndani ya sehemu chache za bilioni za sekunde. Radi ni ya haraka, lakini mbele ya mpigo huu ni ya polepole.

3. Je, wajua kwamba jambo hili limeshatokea? Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatani 1.4 kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, katika jaribio lililoitwa Starfish Prime. Huko Hawaii, kilomita zipatazo 1,400 kutoka hapo, taa za barabarani kama 300 zilizimika na ving'ora vya kutahadharisha wizi vikalia ovyo. Dodoma ilikuwa saa sita mchana, siku ambayo Tanganyika ilitimiza miezi saba ya uhuru. Kwa umbali, ni sawa na bomu kulipuka juu ya Harare na taa kuzimika Dodoma.

4. Taa hizo 300 zilikuwa sehemu ndogo tu ya taa za kisiwa cha Oahu. Zilikuwa zimeungwa kwa mfuatano kwenye nyaya ndefu, na kilichoungua ni fyuzi.

5. Miezi mitatu baadaye, 22 Oktoba 1962, Umoja wa Kisovieti ulifanya jaribio lake juu ya Kazakhstan. Laini ya simu yenye urefu wa kilomita 570 iliunguza fyuzi zake zote. Hata kebo ya umeme iliyofukiwa ardhini haikusalimika.

6. Umeona kinachojirudia? Ni urefu wa waya. Waya mrefu huuvuna mpigo na kuupeleka kwenye kifaa kilichofungwa mwishoni mwake. Ndani ya tochi, kutoka betri hadi swichi hadi taa, ni sentimita chache tu. Hakuna cha maana cha kuvuna.

7. Tochi ya zamani ya glopu na betri kubwa ndiyo ngangari kuliko zote: haina chipu hata moja, na betri yenyewe haisumbuliwi na mpigo.

8. Tochi ya LED ina kijisehemu cha elektroniki, kwa hiyo kinadharia yaweza kudhurika. Lakini udogo wake unailinda, na kama mwili wake ni wa chuma, huo nao huzuia sehemu kubwa ya mpigo.

9. Tahadhari moja: tochi ya kuchaji iliyochomekwa ukutani wakati huo si tochi tena, ni mwisho wa gridi. Inaweza kufa pamoja na redio na televisheni zilizochomekwa karibu nayo.

10. Je, wajua kwamba Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ni miongoni mwa simu zilizouzwa kwa wingi kuliko zote duniani? Wengi wetu tuliijua kama simu ya tochi. Baada ya mpigo, tochi yake karibu kwa hakika ingewaka kama kawaida. Kumpigia mtu ndiko kungeshindikana, kwa sababu minara inategemea umeme, antena na nyaya.

11. Laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga ina urefu wa kilomita zipatazo 670. Mpigo una sehemu ya mwisho ya polepole, ya sekunde hadi dakika, inayopenda laini za aina hiyo hasa. Huingiza mkondo kwenye transfoma kubwa na kuzichemsha. Transfoma za ukubwa huo hazikai dukani: huagizwa, na kuzisubiri kwaweza kuchukua zaidi ya mwaka.

12. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, hupata umeme wa kilovolti 25 kutoka waya wa juu unaofuata reli njia nzima. Huo nao ni waya mrefu wa kuvuna mpigo.

13. Maji ya Jiji la Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka visima virefu vya Mzakwe, na pampu zake huendeshwa kwa umeme. Kijiji chenye pampu ya mkono kingeendelea kuchota.

14. Sola je? Paneli zenyewe ni sugu. Vilivyo hatarini ni kontrola na inveta, hasa kama nyaya kutoka paani ni ndefu.

15. Kutoka kimo cha kilomita 400, bomu "huona" duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 2,200 hivi. Likiwa juu ya Dodoma, Nairobi, Kampala, Lusaka na Addis Ababa zote zingekuwa ndani. Johannesburg ingeponea nje kidogo.

16. Habari njema: sumaku ya dunia ni dhaifu zaidi huku karibu na ikweta kuliko Urusi au Kanada, na mpigo huitegemea. Hata dhoruba za jua, zinazotikisa gridi vivyo hivyo, huwaumiza zaidi watu wa kaskazini. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba moja iliwanyima umeme watu milioni 6 huko Quebec, Kanada, kwa saa zipatazo tisa.

17. Habari njema zaidi: Mkataba wa Pelindaba, uliofunguliwa kwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 2009, unaifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Na urani iliyogunduliwa Bahi na Manyoni, hapa Tanzania ya kati, haitoi mpigo wowote. Ikiwa ardhini ni madini tu, na sehemu inayofaa kwa bomu haifiki hata asilimia 1 yake.

18. Bado una wasiwasi? Mwaka 1836 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba umeme wa nje hauingii ndani ya kizimba cha chuma. Funga tochi ya akiba kwa kitambaa, itie kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana pande zote, basi.

19. Lakini kabla ya kufunga mkebe, toa betri na uziweke kando. Tochi nyingi huuawa na betri chakavu iliyosahauliwa ndani hadi ikavuja na kula vyuma, na kwa adui huyo hakuna mkataba uliotiwa saini.