Fahamu: Jinsi mnyama wa nyumbani anavyosaidia afya ya mzee

Kufuga mnyama humpa mzee mwenzi, kazi ya kila siku na sababu ya kuinuka na kutembea. Kumpapasa mnyama aliyemzoea hupunguza wasiwasi na huweza kushusha shinikizo la damu.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 1980 ulifuatilia wagonjwa 92 wa moyo. Katika mwaka mmoja walifariki 3 kati ya 53 waliofuga wanyama, na 11 kati ya 39 wasiofuga. Hata hivyo, tofauti hiyo haithibitishi kwamba mnyama ndiye aliyewaokoa.

Katika miji ya Waswahili kama Takaungu, Kilifi, mwenzi huyo aghalabu ni paka. Kwa Waislamu paka ni twahara, ilhali mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani. Paka hula mabaki ya samaki na hukamata panya, hivyo gharama yake ni ndogo.

Hatari zipo. Paka anayejipitisha miguuni anaweza kumwangusha mzee, na paka au mbwa asiyechanjwa anaweza kuambukiza kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.