Kupanda Mchongoma: Siku Okidi Inapotoka Chupani

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika kipindi cha kila wiki. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale wanaopenda kuyasoma kwa nafasi.)

Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumzie ua. Najua wapo watakaouliza: ya nini kupoteza muda kwa habari za maua wakati watu wana shida ya maji na nauli? Swali hilo ni la haki. Lakini ua hili lina funzo kwa mkulima wa migomba, kwa mlinzi wa msitu, na kwa mtu wa mjini mwenye kibaraza cha hatua tatu anayetamani kuona kitu kibichi anapoamka.

Ua lenyewe ni okidi. Wataalamu wa mimea wamekwisha kutambua aina zaidi ya 25,000 za okidi duniani. Baadhi yake huishi juu ya miti bila kuinyonya, mizizi imening'inia hewani. Nyingine huota ardhini. Hata vanila, ile inayolimwa Kagera, Uganda na Madagaska, ni okidi. Kwa hiyo aliyekula aiskrimu ya vanila ya kweli ameonja tunda la okidi, hata kama hakujua.

Siku hizi watu wa mijini wanaopenda maua huweza kupata miche ya okidi ikiwa ndani ya chupa. Nyingi huagizwa kutoka nje, hasa katika nchi za Asia kama Thailand na Taiwan, ambako kazi hii ni biashara kubwa. Ukiitazama chupa hiyo utaona miche ishirini, thelathini au zaidi, mibichi na mizuri, imesimama juu ya jeli. Mnunuzi hufurahi. Baada ya mwezi mmoja ukimwuliza habari za miche yake, anatikisa kichwa. Yote imekufa. Atasema nchi yetu ina joto, au aliuziwa miche mibovu. Mara nyingi si hivyo. Miche ilikuwa mizima kabisa. Iliuawa na safari fupi ya kutoka chupani kwenda chunguni.

Je, kwa nini safari hiyo fupi iwe ya hatari namna hiyo? Ili kuelewa, hatuna budi kuanza na mbegu.

Punje ya hindi au ya harage huondoka kwa mama yake ikiwa na chakula chake tumboni. Ukiifukia, hula akiba hiyo mpaka ipate majani. Mbegu ya okidi haina bahati hiyo. Ni ndogo kama vumbi, na tunda moja laweza kubeba mbegu laki kadhaa, kwa aina nyingine hata milioni na zaidi. Lakini kila moja huanza safari bila masurufu. Porini haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu wa aina inayoifaa, akaingia ndani yake na kuilisha. Mbegu zisizokutana naye hupotea, na hizo ndizo nyingi.

Siri hiyo ya kuvu iligunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Kisha mwaka 1922, Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitangaza kwamba mbegu ya okidi yaweza kuota bila kuvu yule, mradi iwekwe juu ya jeli yenye sukari na madini, ndani ya chupa isiyo na kijidudu hata kimoja. Jeli hiyo hutokana na mwani, ingawa si mwani wa aina ile inayolimwa Zanzibar. Ugunduzi huo ndio ulioifanya okidi, iliyokuwa ua la matajiri, ifike katika vibaraza vya watu wa kawaida.

Sasa fikiria maisha ya mche humo chupani. Hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jani halina haja ya kujikinga na ukavu. Ngozi yake ni laini, nta ya juu ni nyembamba, na vile vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia havijajifunza kujifunga upesi. Sukari iko tayari miguuni, kwa hiyo jani halijazoea kujitafutia chakula kwa nguvu za mwanga. Tena hakuna ukungu wala bakteria, kwa hiyo mche haujapigana vita hata siku moja. Ni mtoto aliyelelewa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, akala bila kuomba.

Siku ya kutolewa, mambo matatu humwangukia kwa pamoja: hewa kavu, njaa na vijidudu. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kuotesha okidi chupani ni kupanda. Kuitoa ndiko kushuka. Kazi yote ya mtunzaji ni kuhakikisha kwamba mambo hayo matatu hayaji kwa siku moja.

Kwanza, chagua wakati. Mche uliokomaa una majani mawili au matatu na mizizi kadhaa iliyonenepa. Kwa aina nyingi, jani lenye urefu wa sentimita tatu hadi tano linatosha. Usiwe na haraka, lakini usisubiri mpaka mizizi isokotane na majani yaanze kugeuka manjano. Ukiona ukungu umeingia chupani, usingoje tena. Itoe miche siku hiyo hiyo. Kwa wakazi wa Arusha, Mbeya au Nairobi, epukeni miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, kwa sababu mzizi wenye maji na baridi huoza. Wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wana hewa yenye unyevu inayosaidia sana. Adui yao ni jua kali. Aliye Dodoma, penye hewa kavu, ajue kwamba bila kufunika miche yake atavuna majani yaliyokauka.

Chupa ikifika nyumbani, usiifungue siku hiyo. Iache wiki moja au mbili mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua. Chupa inayopigwa na jua hugeuka chungu cha kupikia, na miche hupikwa humo ndani kwa muda mfupi tu.

Pili, andaa kitakachopandwa ndani yake kabla ya kugusa chupa. Na hapa ndipo wengi hukosea: okidi za juu ya miti hazipandwi katika udongo wa bustani. Mizizi yake inataka hewa. Tumia vipande vidogo vya magome ya miti, vya mkaa na vya makumbi ya nazi, vyenye ukubwa wa punje za mahindi au chini ya hapo. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa, maana mengine huwa na chumvi. Mchanganyiko wote uchemshe au umwagie maji ya moto, kisha uache upoe ukiwa na unyevu. Vyungu viwe vidogo, vyenye matundu mengi chini, na vimeoshwa kwa sabuni.

Tatu, toa miche. Nawa mikono. Mimina maji vuguvugu ndani ya chupa, itikise taratibu mpaka jeli ilegee, kisha imimine yote katika beseni. Miche ikikataa kutoka kwa sababu mdomo wa chupa ni mwembamba, ifunge chupa kwa gazeti na kuipasua kwa uangalifu. Ni afadhali kupoteza chupa kuliko kuvunja mizizi. Kisha osha kila mche katika maji safi mpaka jeli yote iondoke. Narudia: yote. Jeli ile ina sukari, na sukari ikibaki kwenye mzizi huwa ni karamu ya ukungu. Kama kuna hatua moja ambayo haivumilii uvivu, ni hii.

Baada ya kuosha, panga miche kwa ukubwa. Ile mikubwa ikae na mikubwa, midogo na midogo, maana mkubwa humziba mdogo. Mizizi iliyooza ikate kwa wembe safi. Waweza kuichovya miche katika dawa ya ukungu iliyochanganywa kama maelezo ya kopo yanavyosema, wala usizidishe kipimo ukidhani utaongeza nguvu.

Nne, ipande pamoja. Mche mdogo ukiwekwa peke yake katika chungu kikubwa hukosa ujirani. Maji hukaa muda mrefu pale pasipo na mizizi na kuleta uozo. Kwa hiyo weka miche kumi au zaidi katika chungu kimoja, karibu karibu, kama watoto wa darasa la kwanza kwenye dawati. Mizizi iwe ndani na shingo, yaani pale majani yanapoanzia, ibaki juu. Ukifukia shingo, umekwisha kuua mche.

Tano, na hili ndilo kubwa, fundisha mche kuvumilia hewa. Kiweke chungu ndani ya boksi la plastiki linaloonyesha, au kifunike kwa mfuko wa nailoni uliotobolewa vitundu vichache. Kiwe kivulini penye mwanga wa kutosha, katika joto la nyuzi kama 20 hadi 28. Wiki ya kwanza acha pafunikwe. Wiki ya pili fungua kwa muda wa saa moja kila asubuhi. Halafu ongeza kidogo kidogo. Baada ya wiki nne hadi sita, mche uliokuwa haujui upepo utaweza kukaa wazi. Majani ya chupani huenda yakageuka manjano na kudondoka moja moja. Usiogope. Tazama jani jipya na ncha mpya ya mzizi; hizo ndizo habari njema.

Maji je? Mwagilia asubuhi, ili jioni majani yawe makavu. Watu wengi huua okidi kwa mapenzi: kila wapitapo huongeza kikombe. Inua chungu. Kikiwa kizito, kiache. Kikianza kuwa chepesi, mwagilia. Mbolea isitiwe mpaka mche uonyeshe mzizi mpya, kwa kawaida baada ya wiki mbili au tatu, na hapo itiwe robo ya kipimo kilichoandikwa. Mche wowote unaogeuka kahawia na kuwa majimaji, utoe mara moja, usije ukaambukiza wenzake.

Baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kila mche hupewa chungu chake. Ua la kwanza laweza kuchukua miaka miwili au mitatu kwa aina za haraka, na mitano au zaidi kwa nyingine. Asiyeweza kusubiri anunue maua ya plastiki.

Nilisema kwamba jambo hili linamhusu na mkulima wa migomba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakulima wa Kenya na baadaye wa nchi jirani wamekuwa wakipata miche ya migomba iliyozalishwa chupani, isiyo na minyoo wala magonjwa ya shamba la zamani. Miche hiyo nayo hutoka maabara ikiwa dhaifu vile vile. Ndiyo sababu hukaa kwanza kitaluni, chini ya kivuli na plastiki, kwa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa. Mkulima anayeuziwa mche wa bei ya chini uliotolewa chupani jana, akaupeleka moja kwa moja juani, amenunua hasara. Muulize muuzaji: mche huu umekaa kitaluni muda gani?

Na mlinzi wa msitu je? Okidi za mwituni zinaondoka. Katika Nyanda za Juu Kusini, viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa wingi na kuvushwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na wenye aina zaidi ya 40 za okidi, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Okidi za juu ya miti nazo hubanduliwa kwenye matawi na kuuzwa kwa wapenda maua. Nyingi ya hizo hufa, kwa kuwa mizizi imechanika.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, umeziweka okidi zote katika orodha zake. Lakini kwa aina nyingi, miche iliyozalishwa na kusafirishwa ndani ya chupa safi imesamehewa masharti hayo, kwa sababu haijaibiwa kwa mtu wala kwa msitu. Bado utahitaji cheti cha afya ya mimea unapoiagiza kutoka nje, kwa hiyo waone kwanza maofisa wa ukaguzi wa mimea.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, ndugu msomaji. Mtu ambaye chupa yake yote imekufa hukata tamaa, na kesho yake humwita kijana wa kando ya barabara mwenye okidi iliyotoka mlimani. Lakini aliyefaulu kukuza miche ishirini hana haja na ya msituni. Atagawia na majirani. Chupa ile inaweza kuuokoa mti mmoja wa mlimani, au kuumaliza, kutegemea wiki sita za kwanza kibarazani kwako.